Risasi Inapokataa Kulia: Sababu Zake na Maneno Yake



Katika kipindi cha tafsiri niliwapa wanafunzi wangu ukurasa mmoja wa Kifaransa uliotolewa katika mwongozo wa usalama wa uwanja wa kulenga shabaha. Nilidhani ni zoezi jepesi la nusu saa. Sentensi moja ilisema kwamba pakitokea long feu, mpigaji asubiri sekunde 30 huku mtutu ukiendelea kuelekea kwenye shabaha. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Moto ukiwa mrefu, subiri sekunde 30." Darasa zima likacheka, naye akacheka pamoja nao. Mwingine, hodari kuliko wote, aliandika: "Risasi ikiwa imekufa, subiri sekunde 30." Hapo hakuna aliyecheka, maana Kiswahili chake kilikuwa safi. Mimi ndiye niliyepata wasiwasi. Kosa la yule wa kwanza halitamdhuru mtu, kwa kuwa msomaji ataona mara moja kwamba sentensi haina maana. Lakini nani atasubiri sekunde 30 mbele ya kitu alichoambiwa kimekufa? Atafungua bunduki papo hapo, atatoa risasi kwa vidole na kuitazama kwa karibu.

Nimeona basi afadhali niandike juu ya jambo hili katika kijarida chetu. Sikutumikia jeshi, lakini imenibidi nisome mambo ya bunduki ili niweze kusahihisha kazi za wanafunzi. Tusisahau kuwa baadhi yao ni maofisa na wake au watoto wa maofisa, na kwamba askari wa Burundi walikwenda Somalia kuanzia Desemba 2007, kisha wakaingia Kivu ya Kaskazini mwaka 2023 pamoja na wenzao wa Kenya, Uganda na Sudan Kusini. Askari wetu aliyefunzwa kwa Kifaransa akikaa uwanja mmoja wa mazoezi na Mkenya aliyefunzwa kwa Kiingereza, lugha watakayoonyana nayo ni hii tunayoifundisha sisi.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Risasi nzima, kabla haijapigwa, ina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo mara nyingi ni la shaba nyeupe au ya njano. Ndani ya ganda mna baruti. Mdomoni mwa ganda kumebanwa kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Na kitakoni kuna kikombe kidogo sana cha chuma chenye unga unaowaka ukigongwa: hicho ndicho fataki. Wasomaji wengi watashangaa, maana fataki tunayoijua ni ya sikukuu, lakini kamusi za zamani za Kiswahili zinalitoa neno hili kwa maana hiyo hiyo ya kikombe cha kuwashia bunduki. Wazee wa pwani walikuwa nalo; sisi ndio tuliolipeleka kwenye sherehe tukalisahau kazini.

Mpigaji anapovuta kifyatulio, springi inaachia pini ya kugonga. Pini inapiga fataki, unga wake unaminywa na kutoa cheche, cheche zinapita kwenye tundu dogo na kuwasha baruti, gesi inajaa, na kipande cha mbele kinasukumwa mtutuni. Yote haya hutendeka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kiasi kwamba sikio husikia mlio mmoja tu. Mnyororo huu unaweza kukatika popote, na pale ulipokatika ndipo penye sababu.

Pengine umekatika kwenye bunduki yenyewe. Springi iliyochoka husukuma pini kwa ulegevu. Pini iliyolika au kuvunjika ncha haifiki. Grisi iliyoganda pamoja na vumbi huipunguzia mwendo. Ukiokota ganda la risasi iliyokataa na kuona fataki ina alama hafifu tu, mshuku bunduki kabla ya kumshuku kiwanda. Vivyo hivyo kama kile chuma cha nyuma kinachofunga chumba cha risasi hakikufungwa hadi mwisho, nguvu ya pini hupotea katika kumalizia kufunga. Kuna pia jambo ambalo huwachanganya wanaojifunza: risasi inakataa mara ya kwanza, inarudiwa kugongwa, inalia. Mara nyingi hapo fataki haikuketi vizuri kwenye shimo lake. Pigo la kwanza lilifanya kazi ya kuisukuma mahali pake, na pigo la pili ndilo lililoiwasha. Hutokea zaidi kwa watu wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani, desturi iliyoenea sana kwa wapiga shabaha wa Marekani na Ulaya.

Ikiwa alama ya pini ni nzito na bado kimya, basi tatizo limo ndani ya risasi. Unga wa fataki unaweza kuharibika kwa unyevu, kwa uzee, na hasa kwa mafuta. Hili la mafuta watu hawaliamini. Mtu anayeipenda bunduki yake huipaka mafuta mengi mno. Mafuta yanayopenya hujipenyeza kati ya kikombe na ganda, yanalowesha unga, na siku ya kulenga risasi haisemi. Joto nalo lina lake. Sanduku la risasi lililoachwa ndani ya gari lililofungwa, jua la saa nane mchana hapa Bujumbura, miezi na miezi, linazeeka upesi kuliko lililowekwa kwenye chumba kikavu chenye ubaridi. Na sisi tunaokaa kando ya ziwa tunajua unyevu unavyofanya hata kwa chumvi jikoni.

Wapiga shabaha wa michezo wana tatizo lao la pekee. Bunduki ndogo ya milimita 5.6, ile inayotumiwa katika Olimpiki kwa umbali wa mita 50, hutumia risasi isiyo na kikombe cha fataki. Unga wa kuwashia humwagwa ndani ya ganda ukiwa majimaji, ganda huzungushwa, nao hutawanyika kwenye ukingo wa kitako. Usipotawanyika sawasawa, panabaki mahali patupu. Pini ikipiga hapo, hakuna kitu. Ndiyo maana risasi hizi hukataa mara nyingi kuliko zile za fataki ya katikati, na ndiyo maana mpigaji, baada ya kusubiri inavyotakiwa, huweza kuizungusha kidogo risasi ile ile, ikagongwa upande mwingine, ikalia.

Sasa niwapeleke kwenye kisa ambacho kwangu ndicho kitamu zaidi, nacho ni cha nchi hizi hizi, wakati Burundi ilipokuwa ndani ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na mji wetu ukiitwa Usumbura.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wa Wajerumani yalikuwa na bunduki za mwaka 1871, za baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kupiga. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walishindwa Tanga, wakaacha nyuma bunduki na laki kadhaa za risasi. Lakini Januari 1915, katika mapigano ya Jasini mpakani, askari wa Paul von Lettow-Vorbeck walitumia risasi 200,000 kwa siku mbili. Kamanda huyo aliandika baadaye katika kumbukumbu zake kwamba kwa akiba aliyokuwa nayo asingeweza kupigana vita vya namna hiyo zaidi ya mara tatu.

Msaada ukaja Aprili 1915. Meli ya Kijerumani Rubens, iliyokuwa imejifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilipenya vizuizi vya Waingereza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Manowari Hyacinth ikaikuta na kuipiga kwa mizinga. Nahodha wake, Carl Christiansen, akaiacha izame kwenye maji yasiyo na kina, na juu ikawaka moto, Waingereza wakaondoka wakidhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kwa wiki kadhaa watu walipiga mbizi na kuopoa shehena: bunduki mpya, na risasi kwa mamilioni. Zote zilikuwa zimelowa maji ya bahari.

Hapo ndipo yale tuliyoyaeleza juu yalipotokea kwa kipimo kikubwa kuliko pengine popote. Chumvi ilikuwa imeingia. Kadiri siku zilivyopita, baruti na fataki zilizidi kuharibika, na idadi ya risasi zinazokataa ikazidi kupanda. Hakukuwa na njia ila kuzifungua zote, moja moja. Huko Moshi Mpya, askari na wapagazi wote walioweza kupatikana walikalishwa chini kwa miezi, toka asubuhi hadi usiku, wakitenganisha risasi, wakisafisha baruti, na kubadilisha baadhi ya fataki kwa nyingine za aina tofauti zilizopatikana. Najiuliza walizungumza nini katika miezi hiyo. Hao walikuwa watu wa makabila mengi na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Bila shaka walikuwa na neno la risasi mbovu, na neno la ile iliyopona, na utani wake. Hakuna Mjerumani aliyeyaandika maneno hayo, walau sijayakuta katika vitabu nilivyosoma. Hasara hiyo kwangu mimi, mwalimu wa lugha, ni kubwa.

Baada ya kazi hiyo risasi ziligawanywa. Zile nzima zilizokuwapo tangu awali ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake, kwa kuwa rashasha hukwama yote risasi moja ikikataa. Katika zile zilizotengenezwa upya, fungu lililokuwa likikataa kama 20 katika 100 lilipelekwa vitani. Fungu lililokuwa baya kuliko hilo lilitumiwa katika mazoezi ya shabaha.

Someni tena hesabu hiyo. Asilimia 20 ndiyo iliyokuwa nzuri. Bunduki mpya ya Mauser inapokea risasi 5 kwa mara moja. Ikiwa kila moja ina nafasi 80 katika 100 ya kulia, basi uwezekano wa zote 5 kulia ni kama 33 katika 100. Yaani askari aliyejaza bunduki yake mara 3 angetegemea kukutana na kimya katika mara 2 kati ya hizo, na kimya hicho adui yuko mbele yake.

Lakini lile fungu baya la mazoezi nalo linanifikirisha. Walimu wa kulenga shabaha wa leo wana mbinu ya kuchanganya kwa siri risasi za bandia na risasi za kweli. Mpigaji hajui ipi itakuja. Ikija ya bandia, hakuna mlio wa kufunika makosa yake: kama alikuwa anaogopa kishindo na kukaza bega kabla ya wakati, mtutu utaonekana ukiruka au kuzama bila risasi kutoka. Ugonjwa huo wa kushtuka mapema hauponyeki kwa maneno. Mpigaji lazima auone mwenyewe. Nahisi askari wa Moshi Mpya walipata somo hilo bila mtu kulipanga. Hii ni dhana yangu tu, msiiweke kwenye mtihani.

Maji na risasi ni jambo la zamani katika eneo letu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaambia watu wake kwamba dawa yake itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, na vita vya 1905 hadi 1907 vikapewa jina la Maji Maji. Mwaka 1964 wafuasi wa Simba huko Kongo walikwenda mbele wakipaza sauti "Mai Mulele!", na jina la Mai-Mai tunalisikia mpaka leo ng'ambo ya Ruzizi. Huwa tunalieleza darasani kama imani peke yake. Mimi naona lilikuwa na mbegu ya uzoefu. Mtu aliyekulia na gobori, bunduki ya kushindilia kwa mdeki, anajua kabisa kwamba mvua ikinyesha kifaa hicho kinakuwa fimbo. Na gumegume, ile ya kuwashwa kwa jiwe, ilikuwa mbaya zaidi. Siyo ajabu kwamba Watanzania siku hizi humwita mwanamume asiye na faida gumegume. Kwa bunduki za namna hiyo, maji kweli yalikuwa kinga. Msiba ni kwamba Wajerumani walikuja na risasi za ganda la chuma lililozibwa, ambazo mvua ya siku moja haizifanyi kitu. Ilihitajika bahari nzima na majuma kadhaa, miaka minane baada ya Maji Maji kuzimwa.

Turudi kwenye sentensi ya wanafunzi wangu. Kifaransa kinatofautisha raté, yaani risasi iliyokataa kabisa, na long feu, yaani ile iliyochelewa: fataki imewaka vibaya au baruti ni chafu, moto unatambaa ndani polepole, na mlio unakuja baada ya muda. Hatari yote imo katika ukweli huu: wakati wa kimya, aliyeshika bunduki hawezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Kwa nje zinafanana. Kwa hiyo kanuni huzitendea zote kama zilizochelewa. Usisogeze mtutu kutoka kwenye shabaha, usifungue, hesabu sekunde 30 (viwanja vingine hudai dakika nzima), kisha fungua ukiwa umeondoa uso.

Kiswahili hapa kina utajiri ambao Kifaransa hakina, nao umo katika kiambishi kidogo. Tunasema risasi "haikulipuka" na tunasema risasi "haijalipuka". La kwanza limefunga mlango. La pili limeuacha wazi: mpaka sasa bado, ila huenda. Mwongozo mzuri wa Kiswahili ungetumia -ja- kwa sekunde zote 30, na -ku- baada ya hapo tu. Wanafunzi wetu Warundi hawana kisingizio cha kukosea, kwani Kirundi kinatenganisha vivyo hivyo: ntaraza si sawa na ntiyaje. Hata hivyo kila mwaka nasahihisha insha ambamo -ja- na -ku- zinabadilishana kama nguo za mapacha. Nimekuwa nikiandika pembeni kwa wino mwekundu "kosa dogo". Sitaandika hivyo tena.

Kwa nomino, nilipendekeza darasani "risasi bubu". Mwanafunzi mmoja kutoka Buyenzi alipinga, akasema bubu ni bubu siku zote, haji kusema kesho. Ana haki. "Risasi iliyokufa" tumeshaikataa. Tukabaki na "risasi iliyolala", kwa sababu kilicholala huamka na hakuna anayeweka uso mbele ya mdomo wa mnyama aliyelala. Mwenzake, kwa Kiswahili cha kwao cha Uvira, alisema "sasi lililolala, masasi yaliyolala", nami ikabidi nieleze kwamba Kiswahili sanifu husema risasi hii na risasi hizi. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu kwa maana ya madini ya risasi, na lile ri- ni sehemu ya mzizi. Masikio ya Kibantu ndiyo yaliyolisikia kama kiambishi, na isasu la Kirundi linafanana na hilo. Sikumkosoa kwa ukali. Uwanjani, akisema masasi, wote watamwelewa.

Kuna aina ya tatu, ambayo ukurasa ule wa Kifaransa uliitaja kwa mstari mmoja tu ingawa ndiyo mbaya kuliko zote. Ganda halikujazwa baruti, au baruti imelowa. Fataki inawaka peke yake, na nguvu yake ndogo inatosha kusukuma kipande cha mbele hadi katikati ya mtutu, kikakwama humo. Mpigaji anasikia mlio hafifu, kama mtu aliyetoa kizibo cha chupa, na bega halisukumwi. Akidhani ni risasi iliyokataa, akaingiza nyingine na kupiga, ya pili inakutana na ya kwanza na mtutu unapasuka mikononi mwake. Dawa ni kusimama, kutoa risasi zote, na kuhakikisha mtutu u wazi kabla ya kuendelea. Hii ndiyo sababu neno "risasi imekataa" peke yake halitoshi katika taarifa: mwalimu wa uwanja lazima aulize "ilikataa kimya au ilikataa kwa sauti?"

Katika mashindano maneno huamua hata alama. Bastola ikikwama katika mashindano ya kupiga kwa haraka, mchezaji huielekeza bado kwenye shabaha, huinua mkono ulio huru na kumwita mwamuzi. Mwamuzi huchunguza. Ikiwa kosa ni la silaha au la risasi, mchezaji huruhusiwa kupata nafasi nyingine kwa mujibu wa kanuni. Ikiwa ni lake, kwa mfano alisahau kuondoa usalama, hakujaza, au ameshaigusa na kuifungua kabla mwamuzi hajafika, hapati. Kwa Kiswahili cha magazeti yetu, "bunduki ilifyatuka" na "bunduki ilikataa" huandikwa bila mtendaji, kana kwamba chuma kina hiari. Mwamuzi anataka kujua nani alifyatua na nani hakufyatua.

Juma lililofuata niliwarudishia wanafunzi karatasi zao. Tuliandika sentensi upya ubaoni kwa pamoja, na baada ya ubishi wa karibu dakika 20 ikatoka hivi: "Ukivuta kifyatulio na risasi ikawa haijalia, ihesabu kuwa imelala: usiondoe mtutu kwenye shabaha, usifungue, subiri sekunde 30." Yule wa moto mrefu ndiye aliyependekeza tuanze na kitendo cha mkono badala ya jina la kasoro, kwa kuwa mtu aliye uwanjani anajua amefanya nini kabla ya kujua kimetokea nini. Atakayekuwa na neno bora kuliko "imelala" na alilete ofisini, nafasi ipo katika toleo lijalo.